Kuku wa Tumu na Bingwa wa Uchina

Bwana Suweidi alikwenda Uchina mara moja tu, akarudi bingwa wa kila kuku anayeliwa Asia. Sokoni akampokonya Tumu, mwenye mtoto mgongoni, kuku wake wa pekee, mweupe, manyoya kama pamba.

"Huyu wangu! Nimemleta mwenyewe toka Uchina!"

Tumu akainamisha kichwa. "Ni wako, bwana mkubwa, mimi nimjulie wapi? Ila nifundishe mjinga miye, huko si wanachagua kwa ngozi? Wako huyu ana ngozi nyeupe au ya njano?"

"Njano kama siagi! Dada yake nimemnyonyoa kwa mikono hii."

"Jamani mmesikia?" Tumu akasogea, akampuliza kuku manyoya. Ngozi ilikuwa nyeusi kama masizi.

"Haya bingwa, nipe wangu, ukamtafute wako wa siagi."