Mizani ya Furaha ya Mzee Fisi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na mizani lakini hawana haya, Bi Pimbi aliishi na wanawe katika pango lenye ubaridi mtamu. Joto lilipozidi, Bwana Nyati akalitamani pango hilo, alifanye ukumbi wa ngoma. Akaenda kwa Mzee Fisi, hakimu wa kijiji.

Fisi alikuwa na sheria moja tu: jambo jema ni lile linalofurahisha wengi. Alikuwa na mizani yenye vibuyu viwili. Atakayefurahi alitia kokoto kibuyu cha furaha, atakayelia alitia kibuyu cha huzuni. Kilichoshuka ndicho kilichoshinda.

Wanyama wakubwa wakapanga foleni. Ko! Ko! Ko! Bi Pimbi na wanawe wakatia kokoto zao upande wa pili. Kibuyu cha furaha kikashuka, pu!

"Kesho asubuhi uhame," Fisi alisema. "Mnalia wachache, tunacheka wengi. Hesabu haina huruma, mama."

Bi Pimbi aliwakusanya wanawe karibu naye. Angewalaza wapi? Akauliza kwa adabu, "Mzee, kwani anayehesabiwa ni nani?"

"Kila anayejua raha na maumivu."

"Hata akiwa mdogo?"

"Hata mdogo. Mizani yangu haibagui," Fisi alijibu huku akijichekea, kwi kwi kwi.

"Basi nipe mpaka kesho. Nina majirani ambao hawajatia kokoto zao."

Kulipokucha wakaja siafu walioishi mlangoni mwa pango. Walikuja, wakazidi kuja, kila mmoja na changarawe yake, maana ngoma ya kina Nyati ingewasaga wote. Chururu, chururu, kibuyu cha huzuni kikashuka mpaka kikagusa ardhi.

"Sikubali," Nyati alikoroma. "Raha yangu ni raha ya hali ya juu. Raha ya siafu ni takataka."

"Ni nani hapa amewahi kuwa siafu, akazionja zote mbili?" Bi Pimbi aliuliza.

Nyati akarudi kwa wenzake.

Ndipo malkia wa siafu, ambaye Bi Pimbi alikuwa amekwisha kumnong'oneza jambo, akajongea mbele. "Mzee hakimu, na sisi tuna ombi. Nyama yako itatufurahisha sote. Atakayelia ni wewe peke yako."

Chururu! Safari hii changarawe zilimiminika kibuyu cha furaha, na siafu wa mbele walishaanza kumpanda Fisi miguuni.

"Acheni! Mwili wa mtu haupimwi kwenye mizani!"

"Na nyumba yake?" Bi Pimbi aliuliza taratibu.

"Na nyumba yake!"

"Na watoto wake?"

"Hao pia, dada yangu, wananiuma mkia!"

Bi Pimbi akaitikia kwa kichwa, siafu wakashuka. Jioni ile wanawe walilala pangoni mwao, na mizani ikapelekwa sokoni kupimia karanga.

Kwa hiyo, wanangu, kabla hujaipima furaha ya wengi, jiulize ungesemaje kama anayelia ni wewe.