Matanga ya Punda Milia

Wako wanaosema punda milia alijipaka rangi kwa kupenda urembo. Urembo gani! Zamani hizo punda wa porini walikuwa weupe watupu, na nyeusi kwao ilikuwa rangi ya msiba. Aliyefiwa alijizungushia mwilini mstari mmoja wa tope jeusi la mbugani, usifutwe mpaka naye afe. Mtoto hakupakwa kamwe. Kumpaka mtoto mzima kulikuwa kumwombea kifo.

Punda mmoja jike, jina lake Sikudhani, alikuwa na mistari kuanzia shingoni hadi kwatoni, ya wadogo zake na ya watoto wake sita. Wote walichukuliwa na malale: walisinzia wakila majani, wakakonda, wakaanguka, huku mbung'o wakiendelea kuwanyonya. Alibakiwa na mmoja tu, Baki, mweupe pee. Kila Baki alipofumba macho, roho ya mama yake iliruka.

"Mbona sisi wafiwa tunadumu, na watoto wanakwisha?" aliwauliza majirani.

"Hiyo mistari inampoteza simba maboya, dada," alisema Nyumbu. Jioni hiyohiyo simba alimkamata punda mwenye mistari tele, wala hakukosea.

"Basi inawapa ubaridi," alisema Swala, ambaye hakosi jibu. Sikudhani akasimama juani mpaka saa saba. Alihema kama wengine wote, na tope lilimchoma.

Akachoka na maneno. Alikwenda kwenye kichuguu akajisugua ubavu mmoja, akafuta mistari ya wanawe huku akiwaomba radhi kwa majina, mmoja mmoja. Kufikia alasiri ubavu huo ulikuwa umejaa mbung'o na unachuruzika damu. Upande wa pili mbung'o walikuja, wakayumba, wakapita bila kutua.

Sasa alijua. Akachovya kwato topeni, akamwita Baki.

"Thubutu!" Shangazi yake, mkubwa wa kundi, alisimama katikati. "Mwanangu, utamfanyia matanga mtoto anayepumua?"

"Shangazi, hawatui penye mistari. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona damu yako. Ukimpaka huyu, akafa, umemuua wewe."

Sikudhani akaogopa. Siku tatu nzima alimpepea Baki kwa mkia. Siku ya nne Baki akasinzia na majani mdomoni. Hapo mama hakumwomba mtu ruhusa. Alimpaka mwili mzima, na mbung'o hawakutua tena. Lakini malale yalikuwa yameshaingia damuni. Baki alikufa akiwa na mistari mizuri kuliko yeyote kundini, na Shangazi akasema mbele ya wote, "Si nilikwambia?" Wakamfukuza Sikudhani siku hiyohiyo.

Alizunguka mbuga peke yake, na kila mama mja mzito aliyekutana naye, Sikudhani alimwambia neno moja tu: "Usisubiri." Waliomcheka walizika. Waliomwamini waliwapaka watoto wao siku ya kuzaliwa, na hao wakawapaka wa kwao, hadi tope likaingia ngozini lisitoke.

Na tangu hapo punda milia huzaliwa na matanga tayari mwilini, kabla hajafiwa na yeyote. Ukimwona mama wa punda milia aliyetoka kuzaa, utaona anamzunguka mtoto wake polepole, ubavu huu na ubavu huu, kabla hata ya kumnyonyesha. Anatafuta kama pana mahali paliposahauliwa.