Mlango wa Namkunda

“Uji wa mgonjwa haupikwi kwa mlango wa nyumba.”

Ndivyo mzee wa mfereji, msimamizi wa maji ya mashamba, alivyomjibu dalali wa mkaa aliyekuja kuutaka msitu asubuhi ile, na dalali akageuza pikipiki yake akaondoka bila kuaga. Vijana waliokuwa wakijaza udongo kwenye viriba vya miche walicheka, kisha wakamgeukia Bibi Nakaniwa. Uji na mlango wapi na wapi?

“Msidhani ni maneno ya wahenga,” alisema bibi. “Mwenye mlango yu hai, ni mkwe wangu Namkunda. Na mgonjwa nilikuwa mimi.” Akasogeza kiti chake kivulini, akawasimulia ilivyoanza.

Ulikuwa mwaka wa barakoa. Malori ya tangawizi yaliacha kupanda mlimani, na Elifuraha, mume wa Namkunda, aliyekuwa akipakia magunia, akabaki kukaa barazani akitazama barabara tupu. Kisha Bibi Nakaniwa akashikwa na homa na kifua. Desturi ya Upareni ni kwamba mtu akiugua, wanawake wa jirani humletea kuni, kila mmoja mzigo wake. Mwaka ule hakuna aliyethubutu kuvuka ua.

Siku ya nne mvua ilikuwa bado haijakatika, na kuni zilizoloa zilitoa moshi tu. Elifuraha alikwenda zahanati kufuata dawa. Namkunda, mtoto wake mchanga Tumsifu mgongoni, alimsikia mama mkwe akikohoa chumbani, na aibu ikamzuia kupaza sauti kuomba. Macho yake yakaangukia mlango wa nyuma. Mti mkavu wa miaka mingi, bawaba moja imelegea. Akachukua shoka.

Moto uliwaka vizuri ajabu! Uji ukachemka, akauepua, akaingia chumbani kumwinua mgonjwa akae. Aliporudi jikoni alimkuta mbuzi jike wa jirani, amepita palepale palipokuwa na mlango, sufuria imepinduka, uji umekuwa matope ya majivu.

Juma zima upepo wa mlimani uliingia utakavyo. Kifua cha bibi kikazidi, na mtoto naye akaanza kukohoa. Namkunda alitundika kitenge mlangoni, akakaa akisikiliza pumzi mbili, ya mkubwa na ya mdogo, asijue ipi itakatika kwanza.

Mvua ilipoacha ndipo alipoona. Pembeni mwa ua, chini ya majani ya mgomba, palikuwa na mizigo mitatu ya kuni kavu. Majirani walikuwa wameileta, wakaogopa kubisha hodi. Yeye hakutazama.

Wote wawili walipona. Habari ya shoka ikabaki siri ya nyumba ile, na watu wakadhani mlango umeuzwa.

Mwaka uliofuata Namkunda alichaguliwa diwani. Ugonjwa ulikuwa umepungua, njaa ya kazi haijapungua. Halmashauri ilikuwa imepewa fedha ya kufufua uchumi, ikakutana kutafuta namna ya kuuinua, na hoja mezani ilikuwa moja: ifutwe sheria ndogo iliyolinda msitu ulio juu ya ndiva, lile bwawa la kunyweshea mashamba, ili wanunuzi wa mbao na mkaa waingie na vijana wapate kazi mara moja. Elifuraha alikwisha kuahidiwa kuwasimamia wapasua mbao.

“Mama Tumsifu,” alimwambia mkewe asubuhi ya kikao, “ni mkono wako mmoja tu. Usituangushe.”

Namkunda aliposimama kupinga, ukumbi ulinguruma. Mheshimiwa Mavura, mtoa hoja, akapaza sauti. “Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti! Huyu anatuzuia kula, na nyumba yake mwenyewe haina mlango. Kitenge kinapepea kama bendera! Watu wamechoka, yeye anaihurumia miti!”

Wakacheka hadi wengine wakapiga meza. Namkunda alihisi maziwa yakimlowesha blauzi, maana saa ya mtoto kunyonya ilikuwa imepita. Angeweza kuketi tu, yakaisha.

“Taarifa naipokea,” alisema. “Mlango sina. Nitawaambia ulikokwenda.”

Akawaeleza yote, tangu shoka na mbuzi hadi kuni zilizokuwa uani. Alipofika kwenye zile pumzi mbili, hakuna aliyecheka.

“Waheshimiwa, mgonjwa tunaye. Ni vijana wetu, ni mume wangu. Uji wanautaka leo. Lakini msitu ule ndio mlango. Tukiuchoma, mvua itashusha udongo wote ndani ya ndiva, na tangawizi ikauke. Tutakosa uji, tukose na mlango.”

“Sasa kuni ziko wapi, dada?” aliuliza Mavura, safari hii bila dhihaka. “Vijana wale maneno?”

“Ziko uani, hatujazitazama. Ndiva imejaa tope, mifereji inavuja, vilima ni vipara. Fedha ile ya kufufua uchumi iwalipe vijana kwa kazi hizo. Na tuliandike liwe sheria, lisibaki ahadi.”

Mwenyekiti akaita mikono. Hoja ya kufuta ikaanguka kwa mkono mmoja, na pendekezo la Namkunda likapitishwa.

Siku tisa Elifuraha hakumsemesha mkewe. Siku ya kumi baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja, likalia mlimani, na mara hii kazi ilikuwa na ujira. Namkunda alisimama nyuma ya kitenge hadi aliposikia jembe likichukuliwa ukutani.

Haikuwa kazi ya kutajirisha. Wengine waliacha wakaenda machimboni, wakimtukana njiani. Masika mawili yalipita kabla ndiva haijajaa hadi ukingoni. Ilipojaa, Elifuraha alirudi na mlango mpya kichwani, wa mbao za mti wa shambani kwao, akauliza kwa sauti ya chini, “Bawaba zile bado zipo?”

Bibi Nakaniwa akaishia hapo, akaokota kiriba naye akijaze. Kijana mmoja akakisimamisha kiriba chake sawasawa, akatazama barabara alikoondokea dalali.

“Bibi, yule wa mkaa atarudi?”

“Atarudi, mjukuu wangu. Kila baraza jipya likiapishwa anarudi, maana madiwani wapya hawaijui habari ya mbuzi. Mimi sitakuwapo siku zote, na baadhi yenu mtakaa kwenye viti vile. Mkiulizwa, semeni: uji wa mgonjwa haupikwi kwa mlango wa nyumba.”