Fisi na Hatua za Fimbo Namba Tisa

Mwaka ule mvua ilisahau njia ya kurudi. Mito ikabaki mchanga, mizizi ikabaki nyuzi, na Kiboko akawa anajipaka vumbi na kusema ameoga. Maji yaliyosalia pori zima yalikuwa bwawa moja tu, na bwawa lenyewe lilikaa katikati ya ugomvi: upande huu wanyama wa Simba, upande ule wanyama wa Nyati. Kila asubuhi ilikuwa kusukumana, na kila jioni yuko aliyerudi kwake na tundu la pembe ubavuni.

Kando ya bwawa palikuwa na kiwanja cha gofu. Watu waliokijenga walihama nyasi zilipokauka, wakaacha mfuko mmoja wa fimbo na kikapu cha mipira. Simba aliuokota mfuko siku ya kwanza, akasema ni urithi wa babu yake. Hakuna aliyembishia.

Fimbo zile zilikuwa na namba. Namba ndogo hupeleka mpira mbali, namba kubwa huuangusha karibu. Kwa hiyo namba tano hufika mbali kuliko namba saba, na namba saba kuliko namba tisa. Hilo hata punda alilielewa. Lililowashinda wengi ni la pili: kujua kwa mkono wako wewe, si kwa mdomo wako, kila fimbo unaifikisha wapi.

Wazee wa pande zote mbili walipochoka kuzika, wakakubaliana. Mwezi ukiandama, Simba atapiga mpira mmoja na Nyati mmoja, wote wakisimama kwenye kichuguu kimoja, kuvusha bwawa hadi majani makavu ya ng'ambo. Bata alivuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, ikapimwa nchi kavu mbele ya wote: hatua mia moja za simba. Atakayevusha, wenzake ndio wenye maji mpaka mvua inyeshe. Upande wa pili utafunga virago.

Sungura alikuwa upande wa Simba, mama wa watoto sita, na wote sita ndimi zilikuwa nje. Kwake hesabu haikuwa ndefu. Mpira ukivuka, wanakunywa. Usipovuka, kuna safari ya siku nne juani hadi mto wa wengine, na katika sita angefika na wawili, labda.

Basi alikwenda kutazama mazoezi.

Mfuko wa fimbo aliubeba Fisi. Hakuna aliyemwajiri, alisikia harufu akaja. Kila Simba alipopiga, Fisi alikwenda kupima kwa hatua, na Simba, ambaye kiburi chake kilikuwa kirefu kuliko mkia wake, aliweka utaratibu: mpira ukienda mbali kidogo, Fisi anapewa ubavu, ukienda mbali sana, anapewa paja. Ni mjinga gani humweka fisi apime kitu halafu alipwe nyama kwa kipimo? Simba huyo.

Fisi alikuwa akianza vizuri. Moja, mbili, tatu, kwa sauti, kama mtoto wa shule. Lakini kila alipokaribia sitini, paja lilimjia machoni na mate yakamtiririka hadi magotini. "Sitini na tatu, sitini na nne," angesema, kisha angemeza mate, "tisini na tisa, mia moja."

"Namba tisa, hatua mia moja, Mtukufu," alitangaza. "Na upepo ulikuwa wa mbele."

"Wa mbele?" Simba aliuliza, akizitikisa singa zake.

"Wa mbele kabisa. Masikio yangu yalikunjika."

Hapakuwa na upepo. Hata majani yalikuwa yamekufa yamesimama.

Kusema kweli, mara moja mpira wa namba tisa ulifika mia. Ulianguka juu ya jiwe, ukaruka, ukagonga gamba la Kobe aliyekuwa akijipitia na shida zake, ukaruka tena, ukabingirika mteremko. Tangu siku hiyo Simba alipoulizwa namba tisa yake inafika wapi, aliitaja siku ya Kobe. Mipira mingine yote aliisamehe.

Sungura hakuhesabu kwa mdomo. Vumbi lilikuwa jingi, na Simba kila akipiga alikuwa akiufuata mpira wake kwa maringo, akiacha nyayo nzito. Sungura alisubiri waondoke, akahesabu nyayo za Mfalme mwenyewe, akaweka kijiwe pale mpira ulipotua. Alifanya hivyo siku tano. Mwisho vijiwe vyenyewe vikasema. Vya namba tisa vilirundikana kwenye sitini na tano. Namba saba, themanini na tano. Namba tano, mia moja na tano, na mara chache ikazidi.

Akamwendea Simba kwa heshima zote, akamweleza kwamba akitumia namba tisa mpira utazama, achukue namba tano. Simba alimtazama kama kupe.

"Mama Sungura, unataka kuniambia napiga kama panya?"

"Unapiga kama simba, Baba. Ila simba wa hatua sitini na tano."

Alifukuzwa kwa mngurumo uliomwangusha Tumbili mtini. Simba alikwisha kutangaza mpaka kwa Nyati kwamba bwawa lile atalivusha na namba tisa, fimbo ndogo ya kuchezea, mkono mmoja ukijikuna.

Akamwendea Fisi. Alimkuta amelala juu ya mfuko, anatafuna, mdomo unang'aa mafuta.

"Shemeji," Sungura akamwambia, "watoto wangu wanakufa kiu. Mwambie mkubwa hatua za kweli."

"Shemeji," Fisi akajibu, "hatua za kweli zina mafuta?" Akacheka kile kicheko chake cha kuchosha. Maji, alisema, hayamhusu. Pande zote mbili zikipigana atakula, zikihama atakula zaidi. Akamshauri Sungura apunguze watoto.

Hapo alikosea. Sungura alikwenda akaomba mfupa wa nyonga kwa Chui, mfupa wa nyumbu uliojaa uboho, akauviringisha ndani ya mkeka.

Asubuhi ya mwezi mwandamo wanyama wote walijazana. Nyati alikuja na ukoo wake, na Simba akasema atapiga mpira wa kupasha mwili joto, huko uwanjani, kwa namba tisa ile ile. Ndipo Sungura akajitokeza mbele ya watu na kuomba neno. Akasema kuna mtu hapa amefanya kazi kubwa na hajashukuriwa. Ni Bwana Fisi, aliyepima usiku na mchana bila kukosea. Tumpe kiti cha heshima.

Wanyama wakapiga makofi, wengi bila kujua kwa nini.

Sungura akapiga hatua kwa kufuata nyayo za Simba, akatandika mkeka kwenye ya sitini na tano, na juu ya mkeka akaweka ule mfupa.

"Aketi hapa ale," akasema. "Mpira wa Mtukufu unakwenda mia moja, kapima mwenyewe. Utampita juu sana, auone kwa raha."

Fisi aliutazama mkeka. Aliujua mkeka ule umekaa wapi kuliko alivyomjua mamaye. "Kiti hiki," akasema, "kisogezwe kidogo. Pale kwenye themanini pana kivuli."

Hapakuwa na kivuli pori zima.

"Kuna nini kwenye sitini na tano, shemeji?" Sungura akamuuliza, kwa upole wa kutisha.

"Hakuna kitu."

"Basi keti."

Simba naye akaanza kukunja kipaji. Wote wanamtazama Fisi. Fisi anautazama mfupa. Mfupa, kwa jua lile, umeanza kutoa harufu. Kichwa cha Fisi kilisema toka hapo. Tumbo likasema, hata akipiga mara ishirini, mara moja hukosea. Tangu fisi aumbwe, kichwa hakijawahi kulishinda tumbo. Akaketi, akafumba macho, akauma.

Simba akapiga.

Ulikuwa mpira mzuri, ulionyooka, wa namba tisa hasa. Ulipanda, ukatua katikati ya masikio ya Fisi kwa mlio wa nazi, na nyonga ya nyumbu ikamshuka kooni nzima nzima.

"Nilijua!" Fisi akapiga kelele, machozi yakimtoka. "Haifiki hata sabini! Haijawahi kufika! Ni ile siku ya Kobe tu!"

Fisi akafunga mdomo, lakini maneno yalikwisha kutoka, na maneno si mfupa, hayamezeki.

Simba alitembea polepole hadi kwenye mkeka. Sungura akamwonyesha vijiwe vyake, rundo kwa rundo, na nyayo zake mwenyewe vumbini. Simba akazihesabu mara mbili. Kisha akanong'ona, maana Nyati alikuwa karibu, "Nikichukua namba tano, yule atanicheka."

"Acheke, Baba," Sungura akamwambia. "Ukizamisha, atacheka huku anakunywa."

Simba akameza kiburi chake, nacho kilishuka kwa shida kuliko nyonga ya nyumbu. Akapanda kichuguu na namba tano. Nyati alicheka mpaka akakohoa, ukoo mzima ukacheka naye. Wakauliza kama mkubwa anaumwa bega. Simba akapiga. Mpira ukaruka bwawa, ukaangukia majani ya ng'ambo, hatua nne tu ndani. Nne zinatosha.

Ikawa zamu ya Nyati. Alishikaje fimbo kwa kwato? Asiyeamini akamuulize Nyati. Angechukua namba tano naye angevusha, maana nguvu alikuwa nazo. Lakini alikwisha kucheka sana. Angechukuaje fimbo aliyoicheka? Akakumbuka siku moja alipoazima mfuko ajaribu, upepo ukivuma mgongoni, mpira wake wa namba tisa ulivyoruka hadi kwenye mti wa mgunga. Akaitwaa namba tisa. Mpira ukaenda hatua sabini, ukasema chubwi, na vyura wawili wakahama.

Watoto wa Sungura walikunywa wa kwanza, wote sita, mpaka matumbo yakawa ngoma. Ukoo wa Nyati ulipofunga virago, Sungura alimwambia Simba kwamba kiu ya ndama haina upande, nao wakaachiwa zamu ya jioni, kwa sharti Nyati asicheke tena. Ameshika sharti mpaka leo. Mtazame uso wake.

Fisi hakufukuzwa. Bado anabeba mfuko, ana nundu katikati ya masikio, na mafupa yake sasa ni ya saizi moja, mpira uende usiende. Ila Simba akitaka kujua fimbo inafika wapi, humwambia, "Kasimame pale unaposema mpira haufiki." Fisi huenda, hutazama, husogea nusu hatua, husimama. Mpira huanguka mbele ya kucha zake. Hajakosea hata mara moja.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Fisi ilikuwa hatua sitini na tano.