Ukuta wa Kilimani

Ukuta hauitikii yowe. Mmeisikia leo sokoni, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, nami naijua vizuri kwa sababu ukuta wenyewe niliujenga mimi, fundi Shembilu, kwa mikono hii mnayoiona.

Zamani njia ya miguu iliunganisha Kilimani na Bondeni. Matajiri walikaa juu, sisi chini, lakini desturi ilikuwa moja: ukisikia yowe, unalipokea kwa yowe lako, kisha unakimbilia lilikotoka, hata kama una povu la sabuni masikioni.

Siku moja baiskeli ikaibwa Kilimani. Nani kaiba? Hakuna aliyemwona, ila wote walijua: watu wa Bondeni! Wakataka ukuta, njia ikazibwa. Lango likawekwa upande wa barabara kuu, na mlinzi akaagizwa: mwenye miguu azuiwe, mwenye gari afunguliwe. Hebu niambieni, mwizi mwenye akili angekujaje?

Alikuja kwa gari. Saa nne asubuhi, wanaume wanne, mashati meupe na tai. Mlinzi akawapigia saluti. Wakaingia kwa Mama Nakunda, mjane aliyeishi peke yake, wakaanza kupakia vitu. Alipowazuia, wakampiga nondo mkononi. Akapiga yowe.

Zuhura, muuza maandazi wa Bondeni, akalisikia, akalipokea. Tukatoka mtaa mzima, mbio hadi ukutani. Hapo tukakwama. Juu yake nilikuwa nimepachika vigae vya chupa, kazi safi kabisa, na siku hiyo niliionea aibu. Tulipofika kwa kuzunguka barabara kuu na kumpita mlinzi langoni kwa nguvu, wezi walikwisha kwenda zao.

Tulimkuta Mama Nakunda barazani, mkono umevunjika.

"Nimepiga yowe mpaka sauti imekauka," alisema. "Hakuja mtu."

"Tulikuja, mama," Zuhura akamjibu huku akilia. "Tulikuja wote. Ukuta ndio haukuitikia."

Mama Nakunda akanigeukia. "Fundi, nyundo yako iko wapi?"

"Ipo, mama. Lakini majirani zako wa huku juu watasema nini?"

"Waje wakuzuie, kama walisikia yowe langu."

Nikaifungua njia siku hiyohiyo, na hakutokea mtu wa kunizuia. Tangu hapo, anayejitenga na majirani kwa kuogopa wezi huambiwa: ukuta hauitikii yowe.