Kikohozi cha Mzee Angolile

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzijuzi, meli ya matembezi ilipoanza kuzunguka Ziwa Nyasa kuwaonyesha watu milima, alikuwepo fundi wa kuchomelea jina lake Gwamaka. Ndiye aliyechomelea vyuma vya kushikia kwenye meli ile. Wenye meli wakamwambia, siku ya kwanza njoo utembee bure, uje na watu wako wawili. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mtu wa kwanza ni mkewe, Subilaga. Huyu alizaliwa ng'ambo, kijiji kilicho chini ya milima, mahali pasipo na barabara. Miaka kumi na moja hakumwona mama yake. Mguu wake ulivunjika zamani, haupandi mlima. Na mitumbwi ya wauza vyungu wa kwao huja imejaa vyungu, hurudi imejaa mahindi, abiria haina pa kumweka. Sasa meli ingepita karibu kabisa na mwamba wa kwao, saa sita mchana, ikipiga honi. Haisimami, inapita tu. Subilaga akatuma salamu kwa wauza vyungu: mama asimame mwambani, tuonane japo kwa macho.

Mtu wa pili ni baba yake Gwamaka, Mzee Angolile. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akataka kuiona ile milima kutoka majini kabla hayajafunga kabisa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi huniacha njiani. Kwa watu wale, mkamwana, yaani mke wa mwana, haonani na baba mkwe wake. Hamsemeshi, hamtazami. Si ugomvi, ni heshima. Mzee akikaribia uani hukohoa, na mkamwana akisikia hujifunika, au hupita nyuma ya nyumba. Miaka kumi na moja Mzee Angolile alikula wali wa Subilaga, na hakuwahi kumwona uso.

Na Gwamaka, bwana yule, hakumwambia hata mmoja kwamba mwenzake anakuja. Alijua akimwambia baba, baba atabaki nyumbani. Akimwambia mke, mke atabaki nyumbani. Akajisemea: meli ina juu na ina chini. Mke nitampandisha mapema, akae chini. Baba nitampandisha dakika za mwisho, akae juu. Fundi mzima, anayeijua meli chuma kwa chuma, akasahau kwamba ngazi ni moja.

Meli ikang'oa nanga. Gwamaka akapanda juu na kikombe cha chai.

"Baba, umetulia?"

"Nimetulia, mwanangu. Mbona hukai?"

Akashuka chini na kikombe cha chai.

"Mama Tusekile, umetulia?"

"Nimetulia, baba Tusekile. Mbona hukai?"

Akapanda na andazi, akashuka na andazi. Akapanda na maji, akashuka na maji. Watu wanatazama milima, yeye anatazama ngazi. Jasho linamtoka, na upepo ulivyokuwa wa baridi siku ile.

Ilipokaribia saa sita mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, maji yakaingia kule chini, yakafika kifundo cha mguu. Mabaharia wakasema wote wapande juu. Subilaga akapanda. Hajamaliza ngazi akasikia mtu anakohoa, na kikohozi kile anakijua, amekikimbia miaka kumi na moja. Akajitupia kanga kichwani, akachutama nyuma ya rundo la maboya.

"Baba Tusekile," akanong'ona, "huyo ni baba?"

"Ni baba."

"Umenifanya nini?"

Gwamaka akamwinamia, akimsihi kwa kunong'ona. Lakini Mzee Angolile hakuwa mjinga. Alimwona mwanawe ameinama, ananong'onezana na kanga, akaelewa mara moja. Akajua pia kijiji kinachofuata ni cha nani. Akajisemea: yule binti ana mama yake pale, mimi nina milima tu, nimpishe. Akakunja suruali, akashuka ngazi peke yake, akaenda kusimama kwenye maji, upande usioona nchi kavu. Na wakati anapita kwenye ngazi akakohoa mara mbili, kumjulisha mkamwana kwamba anaondoka.

Jamani. Tangu lini kikohozi cha mkwe kikamaanisha anaondoka? Subilaga alielewa kwamba anakuja. Akajifunika zaidi, akaficha hata vidole.

Honi ikalia.

"Mama Tusekile, inuka, mama yule pale!"

"Baba yuko karibu, nimemsikia anakohoa."

Gwamaka akageuka huku, baba hayupo. Akageuka kule, hayupo. Watu wamejaa, hajui baba kasimama nyuma ya nani. Akiwa amechanganyikiwa vile vile akasema, "Basi subiri kwanza nimwone alipo."

Mwambani alisimama mama mmoja mdogo, mikono juu. Anatafuta kwa macho meli nzima, mbele mpaka nyuma. Gwamaka akaona haya. Akachukua kanga ya pili ya mkewe, akaipunga kwa nguvu zake zote, mama asidhani hakuna mtu. Mama akapunga naye. Meli ikapita, mwamba ukabaki nyuma.

Ndipo Mzee Angolile akapanda, suruali imelowa, akasimama kwenye ngazi, mgongo kwao.

"Gwamaka, amemwona mama yake?"

"Hapana, baba." Kisha Subilaga akalia chini ya kanga, akalia kwa sauti, watu wakaacha kutazama milima.

Safari ya kurudi ikawa ya lawama. "Mwambie baba, angenyamaza ningeinuka." Gwamaka hajafungua kinywa, mzee anajibu: "Mwambie nimesikia. Mwambie mimi nilimpisha. Mwenye kosa ni aliyetuleta wote." Na Gwamaka katikati: "Mimi nilitaka kila mtu afurahi. Wewe ungefunua kanga kidogo tu." Kila mmoja akalisukuma kosa kwa mwenzake mpaka bandarini.

Wiki mbili zikapita. Muuza vyungu akaja na ujumbe wa mama. Mama amesema hivi: "Aliyepunga si mwanangu. Mwanangu hupunga kwa mkono wa kushoto. Sitaki kuku wa fidia, sitaki mbuzi. Mwenye kosa aje mwenyewe, akae kwangu siku saba, anieleze. Mtumbwini nimemwekea nafasi ya mtu mmoja. Baada ya hapo pepo zinaanza, mitumbwi haivuki tena mpaka mwakani."

Mbona lawama ziligeuka! Waliolikataa kosa wote wakalitaka.

Gwamaka akasema, "Kosa ni langu. Niliwaficha ninyi, kisha nikamdanganya mama na kanga. Yeye alinitazama mimi akafurahi, na furaha ile niliiiba. Lazima nikampigie magoti."

Mzee Angolile, kutoka nyuma ya ukuta, akasema, "Kosa ni langu. Nilikohoa. Ningeshuka kimya, mtoto angemwona mama yake. Na nitasema lililo moyoni: miaka kumi na moja mkono wa yule binti unanilisha, uso wake siujui, na sitaujua. Macho yangu hayatafika mwakani. Niacheni nikamtazame mama yake, nijue mkamwana wangu anafananaje."

Subilaga akalia kwanza, kisha akasema, "Mwambieni baba kosa ni langu. Ningeinua kanga kidole kimoja tu. Sikuinua. Nilimwogopa mkwe kuliko nilivyomtamani mama yangu. Hilo nani atakwenda kumwambia, kama si mimi?"

Gwamaka akamjibu kwa upole, "Mama Tusekile, ukimwambia hivyo utamuua. Na yeye hakumwita anayemkumbuka. Amemwita mwenye kosa."

Subilaga akajifuta machozi kwa kanga. Muuza vyungu akasema mahindi yameshapakiwa, jua linapanda, apande mmoja waondoke.

Mimi nimeisimulia hii mara nyingi, na kila mara kichwa kinanizunguka upya. Nikimtaja mke, nasikia yule mzee nyuma ya ukuta. Nikimtaja mzee, nasikia kilio cha mke. Haya, nyie mnaojiona mna akili, nisaidieni, mtumbwi unangoja: je, nani alistahili ile nafasi moja?