Siku Mbweha Aliposema Kweli

Mpo?
— Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Basi yafungueni, nami nifungue kinywa.

Hapo zamani, zamani sana, palikuwa na Mbweha aliyejua kusema. Akisimulia mvua, msikilizaji alijihisi amelowa. Lakini mengi aliyoyasema yalikuwa uongo. Mkewe, Mama Mwidau, alikuwa amechoka. Kila akienda mtoni, majirani walimngoja na malalamiko, naye akaomba radhi kwa maneno ambayo hakuyasema yeye.

Siku moja mtoto wao, Mwidau, alinasa mguu katika wavu wa wawindaji. Mbweha akavuta, akatafuna, kamba ikamshinda. Wawindaji wangeweza kutokea wakati wowote. Akamwacha mkewe na mtoto, akakimbia kutafuta msaada.

Akafika kwa Ngiri. Akaeleza, akalia, akajipiga kifua. Ngiri akamwambia kwamba alilia hivyo hivyo aliposema viazi vya bondeni vina sumu, kumbe alitaka avile peke yake. Akaendelea kuchimba.

Akafika kwa Nungunungu. Akaeleza, akalia, akajigaragaza. Nungunungu akamkumbusha siku alipotangaza kwamba mama yake mzazi amefariki. Majirani walipika, wakakaa matanga, na kesho yake mama huyo akapita njiani akiwasalimu. Nungunungu akafunga mlango.

Akafika kwa Panyabuku, mwenye meno ya kukata kamba yoyote. Hapo Mbweha akatoa maneno yake yote mazuri. Mwisho akasema, "Naapa kwa mwanangu."

Panyabuku akashusha pumzi. "Uliapa kwa mwanao huyo huyo siku ulipotaka asali yangu. Sasa uape kwa nani ndipo nikuamini?"

Mbweha akarudi amefura, akiwalaumu majirani kwamba hawana utu. Mama Mwidau hakuwa na nguvu ya kubishana naye tena. Akamwambia akae na mtoto, akaondoka mbio.

Alipofika kwa Panyabuku pumzi zilikuwa zimemwishia. "Mwanangu amenaswa," akasema.

"Twende, shemeji."

Ngiri na Nungunungu walipomwona anavyokimbia, wakafuata bila kuuliza. Panyabuku akatafuna kamba, Ngiri akang'oa vigingi vya wavu, mtoto akatoka akichechemea.

Mbweha badala ya kushukuru akanuna. "Maneno ni yale yale," akasema. "Tena mimi niliyasema vizuri zaidi."

"Uliyasema vizuri sana," Ngiri akajibu kwa uchovu. "Na ya viazi pia uliyasema vizuri."

Mbweha akaanza kuwaeleza jinsi atakavyobadilika. Aliendelea kueleza mpaka wote wakawa wameshaondoka. Mwidau akamuuliza mama yake kama safari hii baba anasema kweli. Mama Mwidau akakilamba kidonda cha mwanawe.

Ndiyo hivyo, wanangu. Watu hawasikilizi maneno tu, wanamtazama na anayeyasema. Ukizoea kuwadanganya, siku ukiwa na shida ya kweli ufasaha wako hautakusaidia kitu.

Ulimi wangu unaketi hapa. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia.